Kitanda cha Jirani wa Juu

Hapana, yaya, mkubwa wangu, "hakuwa mtu wetu" si jibu. Ulisema hivyo kwenye ngazi, ukarudia mezani mbele ya mama, halafu ukachukua jaketi lako ukaenda zamu ya jioni bandarini kabla sijafungua mdomo. Sasa ninakujibu hapa, kwa kuandika, kwa sababu ukiwa nyumbani hunipi nafasi ya kumaliza hata sentensi moja. Na wewe ndiye unayesema mimi sina subira.

Unasema jirani wa juu ameshazikwa. Ni kweli. Watu wa chama cha watu wa kwao walimzika Jumamosi, kwaya iliimba, pasta aliomba, maua yalikuwepo. Unasema mwangalizi wa jengo anabadilisha kufuli kesho mchana, na kitakachobaki ndani kitatupwa barabarani, donc bora mama achague vitambaa viwili vitatu, na vingine tumpe yule mama wa sokoni auze. Unasema habari ya kutandika kitanda ni mambo ya kipagani na sisi tumeokoka. "Kumtandikia nani? Kitanda kitupu?"

Ndiyo, yaya. Kitanda kitupu. Ngoja nikueleze ni cha nani.

Wewe ulimjua kwa miguu yake tu. Slipa zake zikiburuta asubuhi kutoka dirishani mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka dirishani, na wewe umetoka zamu ya usiku unataka kulala. Ulikuwa unagonga dari na fagio. Naye alikuwa anagonga sakafu na kisigino, mara moja, kama mtu anayesema "nimesikia," halafu anaendelea vile vile.

Jengo zima lilimwita Mama Naija. Hakupenda. Siku moja kwenye lifti, enzi ile lifti bado inatembea, kijana mmoja Mtanzania anayeuza kava za simu alimsalimia kwa furaha, "Shikamoo, Mama Naija! Habari za Lagos?"

Akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Nzuri. Na Kinshasa?"

"Mimi natoka Tanga, mama."

"Ehe. Umeona vile inauma?"

Kijana alicheka mpaka lifti ikafika chini. Baada ya pale alikuwa akimwona anasema "Shikamoo, mama wa majini," na hilo alilipokea, kwa sababu ndivyo alivyojiita mwenyewe. Mtu wa maji. Kiswahili chake alikiokota kwenye ngazi hizi hizi, kwa akina mama wa Bukavu na Uvira, kwa hiyo kwake kila kitu kilikuwa "iko." Maji iko. Umeme hakuna iko. Mungu iko, lakini iko na kazi nyingi.

Kwao ni pale mto Naija unapochoka. Ndivyo alivyosema: unachoka. Umetembea Afrika Magharibi yote, umepita jangwani, umerudi, na ukikaribia bahari hauna tena nguvu ya kwenda pamoja. Hauingii kwa mdomo mmoja kama mto Umgeni wetu hapa Durban. Unagawanyika mara mbili, na zile mbili zinazaa mikono, na mikono inazaa vidole, na kati ya kidole na kidole iko matope, na juu ya matope iko mikoko, na ndani ya mikoko iko watu. Alikuwa ananichorea kwa chai. Anamwaga kidogo juu ya meza ya plastiki, anavuta maji kwa kidole, haraka, maana meza ilikuwa imeinama na delta nzima ilikuwa inakimbilia magotini kwangu.

"Huku magharibi, Waitsekiri na Waurhobo. Hapa katikati, Waijo, wengi, kila kijito na ulimi wake. Huku mashariki, Wanembe, Waokrika, watu wa Bonny. Huku juu kwenye udongo mkavu, Waogoni, hao iko wakulima, wanalima kweli kweli. Na hapa," anaweka kidole, hakitoi, "Wakalabari. Hapa mimi."

"Hapo pamekauka, mama."

"Haikauki. Wewe iko na haraka."

Mimi nilikuwa nimemaliza matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, na jiografia niliipenda. Nikamwambia kwenye kitabu wameandika kwamba delta yao ina umbo la kipepeo cha mkono, kile cha kujipepea. Akafurahi sana. Akauliza nani aliiona kutoka juu. Nikamwonyesha kwenye simu, picha ya setilaiti. Aliishika ile simu kama sahani ya moto. Akatafuta mji wao kwenye ule ukijani wote, akapanua, akapanua, mpaka picha ikawa ukungu. Mwisho akanirudishia. "Nzuri," akasema. "Wamepiga siku watu hakuna iko."

Ninaandika hivi kwa sababu nataka ujue alivyokuwa anafundisha. Hakuwa mpole. Alikuwa anakwambia kitu mara moja tu, na ukiuliza tena anaangalia dirishani. Lakini akiona umeshika, anakupa konokono. Wale wadogo weusi wa kwenye mikoko, waliokaushwa; sijui alikuwa anawapata kwa nani. Kwao maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na yakishuka wanawake wanaingia matopeni kuwaokota. Samaki wa Durban alikataa kula kabisa. Alisema wana uso wa watu wa ofisini.

Bandarini kwako, yaya, nyuma ya makontena, kuna kipande cha mikoko. Unapita pale na lori kila siku. Umewahi kukiona? Mimi sikuwahi. Yeye alikisikia kwa Mzulu mmoja anayevua pale, na akanisumbua wiki nzima mpaka tukapanda taxi, tukashuka kwenye robot, zile taa za barabarani, tukatembea pembeni ya barabara malori yakitupigia honi. Tulifika kwenye uzio. Ng'ambo yake, kweli, mikoko, mizizi imesimama juu ya matope, na juu yake kreni na makontena ya rangi zote. Alishika waya wa uzio kwa mikono miwili. Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta tishu.

"Hata hizi iko wakimbizi," akasema. "Makaratasi hakuna, lakini iko."

Kisha akasema turudi, magoti yanauma.

Kuna kitu kimoja sijamwelewa mpaka leo. Alichukia mafuta. Kwao yale mafuta ya chini ya ardhi yalipopatikana, mabomba yalipita kwenye mashamba ya watu na chini ya vijito, na moto wa gesi ukawashwa karibu na mji, moto unaowaka mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Watoto wanafanya homuweki kwa mwanga ule. Mvua ikinyesha inaacha weusi kwenye mabati. Maji yakawa na ngozi ya rangi rangi, nzuri kuangalia, na samaki wakaondoka. "Samaki iko na akili," alisema. "Sisi tulibaki." Haya. Lakini siku nilipomsindikiza Mobeni, kwenye kiwanda kinachouza mabaki ya vitambaa, upepo ulitoka kusini, kwenye mitambo ya kusafisha mafuta, na harufu yake ikatujia usoni. Mimi nikaziba pua. Yeye alifumba macho akavuta pumzi ndefu kama mtu amefunua sufuria ya kwao. Alipofumbua akaona ninamwangalia, akakasirika, akatembea mbele yangu mpaka mwisho wa barabara bila kuongea.

Na giza aliliogopa. Umeme ukikatika alikuwa anashuka kwetu anakaa karibu na mshumaa wetu, analalamika kwamba usiku wa Durban ni mzito mno. Amekimbia ule moto na hawezi kulala bila ule moto. Nilimwambia hiyo haina logiki. Akasema, "Logiki iko kwa mtu amelala vizuri."

Sasa vitambaa, maana ndivyo tunavyogombania.

Kuna kitambaa cha Kihindi cha mirabaraba, kile chenye mistari ya rangi inayokatana, ambacho kwao wanakiita injiri. Kilifika kwao zamani na meli za wafanyabiashara kutoka Ulaya, kikakaa, kikawa chao. Watu wa kule wanazaliwa nacho, wanaolewa nacho, wanazikwa nacho. Na wanawake wa Kikalabari wanakikata. Wanachukua sindano, wanainua uzi mmoja, wanaukata kwa ncha ya wembe huku na huku, wanauvuta utoke. Halafu mwingine. Polepole kitambaa kinapata vidirisha vidogo, na vidirisha vinakuwa umbo: sega, kasa, mguu wa ndege. Kikishakatwa wanakiita pelete bite. Hakuna kinachoongezwa, kila pambo ni kitu kilichotolewa. Nilikaa naye jioni nyingi na nilikuwa wa hovyo. Ninakata uzi wa pili badala ya wa kwanza, kitambaa kinalegea.

"Eish, mama, si tununue tu kilichokatwa na mashine?"

"Nunua. Na mume nunua wa mashine."

Kwenye maduka ya Wahindi upande wa Grey Street walimjua. Alikuwa anaingia, anavuta kona ya jora, anaitia mdomoni, anang'ata uzi kupima kama ni pamba kweli. Kuna muuzaji mmoja, mama wa Kihindi mwenye miwani ya mnyororo, siku ya kwanza alimfokea kwamba hapa si mgahawa. Jirani wa juu akafungua mkoba akatoa kipande chake, kilichokatwa sega, akakiweka juu ya kaunta. Yule mama akakiinua kwenye mwanga. Akauliza nani amefanya hivi kwenye kitambaa cha watu wa kwao. "Watu wangu," akajibiwa. Wakaangaliana, mabibi wawili. Tangu siku ile alikuwa anawekewa kiti, na alikuwa anang'ata anavyotaka.

Na hapa ndipo inaingia habari ya mama yetu. Unakumbuka ule mwaka mama aliugua mgongo na jirani wa juu akawa anatuletea supu ya pilipili kila jioni? Ile uliyoimwaga sinki ukasema inachoma roho? Mama alipopona alitaka kumshukuru. Akapanda kumsalimia, hakumkuta, mlango wazi, na kwenye kiti akaona kitambaa kizuri cha injiri, chekundu na bluu iliyoiva, kimejaa vitundu. Mama ni fundi cherehani, wewe unamjua. Mama akiona kitundu hawezi kupumua. Akasema maskini, jirani wa watu, nguo yake imeliwa na wadudu na hasemi. Akakichukua. Akatafuta nyuzi za rangi ile ile. Usiku, sisi tumelala, akaziba vile vitundu kwa mkono, vyote, kwa uvumilivu ambao mimi sijawahi kuwa nao kwa kitu chochote, akakipiga pasi, akakirudisha akiwa na furaha yake yote usoni.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshakaa pale juu ninakata. Niliona mama anakikunjua, nikauweka wembe chini.

Jirani wa juu alikishika. Akapitisha kidole pale palipokuwa na mguu wa ndege. Akapitisha tena. Mama akaanza kusema, "Jirani, kama rangi haijafanana vizuri..."

"Imefanana," akasema. "Sister, mkono wako mzuri sana."

Akamchemshia chai. Mama alipoondoka nilitaka kulia kwa aibu, nikasema nitakaa nitoe zile nyuzi zote moja moja. Akaniambia niache. Akaanza kucheka, ule ucheko wake usio na sauti, mabega tu, na machozi yakamtoka, na mimi nilijua ni ya kucheka. Akakikunja akakiweka chini kabisa kwenye sanduku. "Hiki sasa iko cha Durban."

Mama hakujua alichofanya mpaka leo jioni.

Nirudi kwenye neno lako, "mtu wetu." Kuna siku niligombana naye juu ya historia, vibaya. Alikuwa ananieleza nyumba za kwao. Si nyumba ya ukuta. Nyumba maana yake watu wa mkuu mmoja, wenye mtumbwi wao mkubwa wa vita na biashara, wapiga kasia wengi, wakishuka vijito kwenda kwenye meli za Wazungu. Anaeleza kwa majivuno, mkuu huyu, mtumbwi ule. Nikamuuliza walikuwa wanauza nini. Akasema mafuta ya mawese. Nikamuuliza kabla ya mawese.

"Watu," akasema.

Hakuzungusha. Watu waliochukuliwa nchi za juu, wakashushwa kwa vijito, wakapelekwa kwenye meli. Na wengine hawakupandishwa. Waliwekwa kwenye nyumba, wakapiga kasia, wakazaa humo humo. Nikamwambia basi msijivune. Nikamwambia Wazungu wa mafuta wamewafanyia nyie kile mlichowafanyia wengine. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilisema kila kitu.

Aliendelea kukata uzi. Kisha akasema bibi wa bibi yake alikuwa mmoja wao. Alinunuliwa. Alifika hajui ulimi, anachekwa akifungua mdomo. Akajifunza kuongea, akajifunza kufunga kitambaa, kucheza ngoma, kutandika kitanda cha maiti. Na alipokufa nyumba ilimtandikia kitanda kama binti yao mwenyewe.

"Hiyo haifuti," nikasema.

"Hakuna mtu amesema inafuta. Nasema vile nyumba inaingiwa. Kwetu damu peke yake haifanyi mtu wa nyumba. Mtu wa nyumba ni yule anajua kutandika."

Niliona kama anakwepa. Bado naona alikuwa anakwepa kidogo. Lakini sentensi ile ilibaki kichwani.

Sikia basi habari ya kitanda, uache kusema upagani. Kwao mtu mzima akifa, sanduku la nyumba linafunguliwa. Vitambaa vilivyomo si vya mtu mmoja, ni vya nyumba, vya mama wa mama wa mama, na mwanamke mmoja mkubwa ndiye mtunzaji. Wanawake wanatandika kitanda, kitambaa juu ya kitambaa, wanakunja, wanapanga, kuta zinavikwa, na watu wanakuja kuona. Wanakaa na yule mtu kwa mara ya mwisho akiwa ndani ya kila kitu kizuri cha kwao. Na mwili ukishazikwa, kitanda kinabaki kimetandikwa siku kadhaa. Kitupu. Watu bado wanakuja wanakaa nacho.

Wewe umeshakaa na kitanda kile, yaya. Papa wetu alipokufa. Nani alishuka asubuhi ile, kabla hata ya watu wa kanisa, amebeba vitambaa vitatu kifuani, hakuuliza mtu, akaingia chumbani akatandika godoro ambalo papa alikuwa amelilalia? Mwili ulikuwa bado hospitali. Mama alikuwa chini sakafuni amegeukia ukuta. Akageuka akaona lile godoro letu la sponji limevaa nyekundu na bluu na dhahabu, pembe zimekunjwa kama kitu cha mfalme, na ndiyo mara ya kwanza alilia kwa sauti. Matanga yote watu walikaa pale pembeni. Wewe ulikaa. Ulishika kona ya kitambaa kile siku nzima, ulikuwa unaizungusha kwenye vidole. Sikusikia ukisema upagani.

Sasa nifike kwenye siku ya mwisho.

Ilikuwa Jumapili mchana, kabla hajapelekwa hospitali. Nilipanda na chakula, nikamkuta amekaa sakafuni, sanduku liko wazi, lile la bati la kijani. Mikono ilikuwa imeshaanza kutetemeka, wembe aliuacha mwezi uliopita. Akaniambia toa kimoja kimoja, tandika. Nikatoa, nikatandika kwenye kitanda chake, yeye ananiongoza kwa kidevu. Hiki chini. Hapana, upande ule. Vuta. Kona. Hakunisifu lakini pia hakuangalia dirishani.

Nilipofika chini kabisa nikatoa kile cha mama, kilichozibwa. Akanyoosha mkono nimpe.

"Hiki nilikuwa nakata cha mwanangu," akasema.

Sikujua alikuwa na mwana. Miaka yote ile, na sikujua. Alikuwa kijana wa ishirini na kitu. Bomba lilipasuka kwenye kijito, watu wakaenda kuchota mafuta, naye akiwemo, moto ukashika. Hakukupatikana kitu cha kuleta nyumbani. Wazee wa nyumba yao walikaa wakasema bila mwili hakuna kitanda. Na mama wa aliyekufa hawezi kujitandikia. Ni wanawake wengine wa nyumba wanaotandika, mama anakaa. Akangoja wamtandikie. Hawakutandika. Na yeye ndiye alikuwa mtunzaji wa sanduku.

"Nikasema, kama mwanangu hakuna kitanda, hakuna mtu atapata kitanda. Nikafunga sanduku. Nikaondoka nalo."

Nilimwangalia. Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba vitambaa ni vya nyumba, si vya mtu.

"Tangu siku hiyo," nikasema, "wale wanaokufa kule?"

"Wanaazima. Kwa nyumba nyingine. Aibu kubwa. Shangazi yangu aliyenifundisha wembe, alilala juu ya kitambaa cha kuazima." Akapangusa uso kwa mkono mzima. "Mimi nilifanya hivyo. Shangazi hakuwa amenikosea kitu."

Mimi kama kawaida nikauliza haraka: kwa nini hakulirudisha sanduku? Kwa nini hakupiga simu? Na kwa nini alicheka, siku ile mama alipoziba?

"Nilikata kile kitambaa miaka mingi," akasema. "Kila nikikaribia kumaliza nafungua sehemu mpya. Nikimaliza ningefanya nini? Nani angetandika? Halafu mama yako akakuja, hajui kitu, akafunga matundu yote kwa siku chache. Nikasema, tazama. Amemmalizia mwanangu mtu mwingine, kwa mkono mzuri." Akakiweka mapajani. "Sanduku lirudi. Mimi miguu hakuna iko. Lakini kabla lirudi..."

Hakumalizia. Aliangalia kitanda, akaniangalia mimi, na mimi nilikuwa nimesimama pale na kona ya kitambaa mkononi kama mjinga. Nilimwambia, "Sawa, mama, kesho," nikakunja vyote nikavirudisha sandukuni. Kesho nilikuwa na zamu dukani, na keshokutwa walimchukua hospitali, hakurudi.

Namba ya binti wa dada yake aliniachia kwenye simu. Nimempigia leo mchana, kabla hujarudi ukaanza maneno yako kwenye ngazi. Nilijitambulisha, nikasema pole, nikaeleza mazishi. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza kitu kimoja, kwa sauti ya chini sana: "Sanduku lipo?"

Nikasema lipo.

Yaya, alilia kama mtoto. Nikasikia anaita watu kule nyuma, na watu wengine wakaanza. Na wewe unataka tumpe mama wa sokoni.

Mama nimemwambia jioni hii, ulipotoka. Yote, mpaka vile vitundu. Niliogopa. Aliacha kukuna nazi, akakaa na mikono yake miwili juu ya meza, akaiangalia. Mwisho akauliza pasi iko wapi. Nikamuuliza ya nini. Akasema kitambaa kimekaa chini ya sanduku muda mrefu, kitakuwa na mikunjo, na mtoto wa watu hawezi kulazwa juu ya mikunjo.

Donc kesho asubuhi, kabla mwangalizi hajaja na kufuli lake, nitapanda na mama. Nitatandika vyote kama alivyonionyesha, vya nyumba chini, na juu kabisa kile alichokiziba mama, kwa ajili ya mwanawe kwanza, halafu kwa ajili yake. Hakuna mwili, si wa huyu wala wa yule, na tutakaa nacho hivyo hivyo kitupu, mama kwenye kiti, mimi sakafuni, bila haraka. Kisha nitakunja kimoja kimoja na kufunga sanduku. Wewe utakuwa umetoka zamu na lori liko chini, na unamjua wakala wa mizigo kule Mobeni. Sanduku ni zito. Upande mmoja nitashika mimi.